Nani Anasukuma Wiki?

Jioni ya tarehe 23, kibandani kwa mama mboga wangu, huwa kuna foleni. Tarehe 2 hakuna. Tarehe 2 watu wanapita na nyama imefungwa kwenye karatasi, wanatupa salamu wakiwa mbio, na hawasimami. Lakini ikifika tarehe 23 tunajipanga hapo sote: jamaa wa bodaboda, dada wa ofisini ambaye bado ana kitambulisho cha kazi shingoni, mimi. Kila mtu anaagiza kitu kilekile. "Mathe, skuma ya mbao." Yeye anayapanga majani, anayaviringisha yakakaza, kisha kisu kinaanza kazi, nyembamba, nyembamba, na wala haangalii vidole vyake.

Siku moja nilimuuliza ni kwa nini inaitwa sukuma wiki. Alinicheki kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanaitwa maji.

"Si ndio inasukuma wiki," akasema. "Ama wewe yako hujisukuma?"

Watu wakacheka. Nikalipa, nikaenda. Lakini jibu lake lilinikaa kichwani, kwa sababu nikilipima vizuri lina historia nyingi kuliko maelezo yote niliyowahi kuona kwenye menyu za mikahawa ya watalii.

Menyu hizo huwaambia wageni kwamba sukuma wiki maana yake ni kurefusha wiki. Tafsiri hiyo imezunguka sana hadi sisi wenyewe tunairudia. Lakini hebu fikiria kidogo. Nani aliyesota anataka wiki iwe ndefu? Ukiwa umebaki na soo mbili na mshahara uko siku nane mbele, shida yako si kwamba wiki ni fupi. Shida yako ni kwamba imesimama, imegoma kwenda. Kinachosukumwa kwa Kiswahili ni kitu kizito kilichokwama: mkokoteni uliojaa magunia pale Marikiti, matatu iliyoishiwa betri asubuhi ya baridi, mlango uliovimba kwa mvua. Hatusukumi wiki ili iwe ndefu. Tunaisukuma ili iishe.

Ndiyo maana neno hili halikubaki jikoni. Muulize mtu yuko aje, atakujibu, "Tunasukuma tu." Hakuna mboga hapo, lakini maana ni ileile. Mtu amesimama nyuma ya maisha yake, mabega yameinama, anayasogeza hatua moja moja.

Sasa tuyatenganishe yale maneno mawili, maana hayana umri mmoja.

Sukuma ni kitenzi cha Kibantu, cha zamani. (Na tukiwa hapo, Wasukuma wa Tanzania hawahusiki na mboga hii, ingawa kila darasa huwa na mtu anayedai hivyo. Katika lugha yao, sukuma ni upande wa kaskazini. Jina lao ni la watu wa kaskazini, na halina uhusiano na kusukuma chochote.) Wiki ni mgeni. Ni neno la Kiingereza lililovaa mavazi ya Kiswahili. Kabla yake Waswahili walikuwa na juma, neno lililotoka Kiarabu na linalokaa pamoja na Ijumaa. Hesabu siku zetu uone. Jumamosi ni siku ya mosi, yaani ya kwanza. Jumapili ni ya pili. Jumatano ni ya tano. Kwa mtu wa ofisini Jumatano ni siku ya tatu, lakini jina lake bado linashikilia hesabu ya zamani, ile inayoanza Ijumaa inapokwisha.

Kwa hivyo tuna vipimo viwili vya siku saba. Juma linahesabiwa kutoka siku ya swala. Wiki inahesabiwa kutoka siku ya kuripoti kazini. Wazee wa Lamu wangeipa mboga hii jina miaka mia mbili iliyopita, labda leo tungekuwa tunakula sukuma juma. Hatuli sukuma juma. Jina hili haliwezi kuwa la kale, kwa sababu ndani yake kuna wiki ya Mwingereza: Jumatatu unaingia, Jumamosi unahesabiwa, na mwisho wa mwezi unapewa.

Neno mshahara lenyewe linathibitisha. Limetoka Kiarabu, na mzizi wake ni shahr, mwezi. Mshahara, kwa asili yake, ni malipo ya mwezi. Sasa weka maneno hayo mawili meza moja. Mshahara unakuja kwa mwezi. Tumbo linakuja kila jioni. Katikati yake kuna wiki nne, na angalau mbili kati ya hizo lazima zisukumwe.

Kuna jambo lingine kwenye jina hili ambalo mwalimu wa sarufi angelipigia mstari mwekundu. Kiswahili kina namna yake ya kutengeneza jina la kitu kutokana na kazi kinayofanya. Kinachofungua kinywa ni kifungua kinywa. Malipo yanayomwinua mstaafu mgongo ni kiinua mgongo. Kwa kanuni hiyo, mboga yetu ingeitwa kisukuma wiki. Lakini haina ki-. Imebaki kitenzi kitupu, kama amri, kama mtu anayepaza sauti sokoni: sukuma! Jina la namna hii linasikika kama maneno ya watu wenyewe, yaliyorushwa kwa mzaha juu ya sufuria, yakachekesha, yakarudiwa, yakakataa kutoka. Leo tumeyakata zaidi: sukuma, skuma. Wiki imeachwa nje ya jina. Haijaachwa nje ya maisha.

Mmea wenyewe ulifika vipi kwenye sufuria hiyo?

Sukuma si mzaliwa wa hapa. Kwa wanasayansi, sukuma, kabichi, koliflawa na brokoli ni mmea mmoja, Brassica oleracea, ambao wakulima wa Ulaya na pwani za Mediterania waliubadilisha polepole kwa karne nyingi. Wengine walitaka kichwa, wakapata kabichi. Wengine walitaka ua, wakapata koliflawa. Waliotaka majani tu walipata ndugu wa sukuma yetu. Wazungu walileta mbegu hizi kwenye nyanda za juu za Kenya, ambako baridi na mvua viliukubali mmea mara moja. Hata leo, kwenye maduka ya kilimo, pakiti za mbegu za sukuma zina majina mawili yanayojulikana sana: Thousand Headed na Southern Georgia. La kwanza ni jina la mboga ambayo Uingereza ilijulikana zaidi kama chakula cha mifugo. La pili tutalirudia.

Reli ilifika Nairobi mwaka wa 1899. Mwaka wa 1901 serikali ya kikoloni ikaanza kutoza kodi ya nyumba, na mwaka wa 1910 ikaongeza kodi ya kichwa. Kodi ilidaiwa kwa pesa, na kwa wengi pesa zilipatikana kwa kufanya kazi ya mtu mwingine: shambani kwa setla, kwenye reli, jikoni kwa Mzungu. Kufikia 1920 wanaume Waafrika walikuwa wakilazimishwa kubeba kipande, karatasi iliyoonyesha nani kamwajiri na anamlipa nini, ndani ya kijaluba cha chuma kilichoning'inia shingoni. Kila nikimwona yule dada wa ofisini na kitambulisho chake kwenye foleni ya mboga, siwezi kuacha kukifikiria.

Lakini jambo linalohusu sufuria moja kwa moja ni hesabu iliyotumika kupanga mshahara. Kwa muda mrefu mshahara wa chini wa Mwafrika mjini ulipigiwa hesabu ya mwanamume mmoja, kapera, asiye na mke wala mtoto. Familia ilidhaniwa iko mashambani na inajilisha. Hata nyumba nyingi zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi zilikuwa za kitanda tu, kama zile za wafanyakazi wa reli pale Muthurwa. Watu walilalamika. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, bandari ikasimama, na kilio kikubwa kilikuwa mshahara usiofikia gharama ya maisha. Mwaka wa 1954 kamati ya serikali iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilikubali hatimaye kwamba mshahara unapaswa kutosha mtu na familia yake, si kapera peke yake.

Kumbe kwa miongo mingi watu walikuwa wakiishi kwenye pengo hilo. Mshahara wa mtu mmoja, vinywa sita. Tofauti ilizibwa na nani? Si karani, si kamati. Ilizibwa na wanawake, kwenye kipande cha ardhi kando ya mto, nyuma ya nyumba, kando ya barabara, kwa mboga inayokubali kuchumwa bila kung'olewa.

Hapo ndipo mmea ulipostahili jina lake. Ukivuna kabichi, umemaliza. Umekata kichwa, subiri msimu mwingine. Sukuma unachuma majani ya chini, unaacha kilele, na baada ya siku saba hivi unarudi kwenye shina lilelile. Linaweza kukulisha hivyo kwa miezi. Panda mashina kumi kwenye gunia la udongo mlangoni Kibera au Mathare, na una mboga ambayo ina wiki yake, isiyomngoja mwajiri.

Sahani yetu ya kawaida, ukiiangalia kwa macho hayo, ni sahani ya kibarua kuanzia juu hadi chini. Unga wa mahindi ndio uliokuwa posho, chakula alichopimiwa mfanyakazi na mwajiri wake. Uganda mpaka leo ugali wenyewe unaitwa posho. Ukiagiza posho na sukuma mjini Kampala, umeagiza maneno mawili ya kazi, na hakuna hata moja linalotaja ladha.

Linganisha sasa na mboga tulizozikuta hapa. Ile ninayoiita terere, jina la Kikuyu lililoshika Nairobi, kwa watu wa Pwani na Tanzania ni mchicha. Mjaluo anaiita ododo, na Waswahili wa mashariki ya Kongo wanaiita lengalenga. Managu ni mnavu kwa Kiswahili cha Pwani, osuga kwa Wajaluo, rinagu kwa Wakisii. Saga ni mgagani, ni dek, ni chinsaga. Kila lugha ilizijua mboga hizi peke yake, kwa hivyo kila lugha ilizibatiza peke yake. Ukisikia majina mengi hivyo, jua kwamba mboga ilipitia kwa mama na nyanya.

Sukuma ina jina moja, Kisumu hadi Mombasa, Arusha hadi Kampala. Haikupitia kwa nyanya. Ilipitia sokoni, mjini, mahali ambapo Mluhya na Mkamba walihitaji neno moja la kununulia chakula cha jioni, na neno likapatikana kwa Kiswahili. Katika historia ya lugha yetu, hilo si jambo dogo. Tulikutana mjini tukiwa hatujuani, na miongoni mwa vitu vya kwanza tulivyokubaliana jina ni kufilisika kwetu.

Tatizo ni kwamba jina likishakaa, linaanza kutoa amri zake. Shuleni niliposoma, bweni zima lingeguna tukiona sukuma tena. Mgeni akija nyumbani, mama alikuwa akiipika sukuma kisha anaomba msamaha kwa ajili yake: "Leo ni kusukuma tu." Hakuwahi kuomba msamaha kwa ajili ya wali. Mboga ileile, ikipelekwa kwenye mkahawa wa bei, inabadilishwa jina ikawa kale, inawekewa parachichi na mbegu juu, na bei yake inaweza kununua skuma ya wiki nzima mtaani. Hakuna kilichobadilika shambani. Kilichoondolewa ni kumbukumbu.

Na zile mboga za kwanza, terere na managu na saga, nazo zikapata jina la jumla: mboga za kienyeji. Ajabu ni kwamba sukuma, mgeni, haikuhitaji kitambulisho. Iliitwa mboga tu. Wenyeji ndio walioitwa wenyeji, kwa sauti ileile inayotumika kwa vitu vya kizamani. Ilibidi watu wafanye kazi ya miaka mingi kuzirudisha. Patrick Maundu wa Makavazi ya Kitaifa na wenzake waliandika kitabu kizima cha mimea ya asili ya chakula ya Kenya, kilichotoka mwaka wa 1999. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa JKUAT ametumia maisha yake ya utafiti kuonyesha kwamba majani haya ni chakula chenye nguvu, wala si magugu ya kungoa. Leo managu iko kwenye maduka makubwa, na mara nyingi bei yake inaipita sukuma. Waliokuwa wakiila kwa sababu haikuwa na bei sasa wanaiangalia kwa mbali.

Nilisema tutarudi kwa Southern Georgia.

Georgia ni jimbo la kusini mwa Marekani. Huko, majani haya, ambayo wao huyaita collard greens, yalikuwa chakula cha Waafrika waliokuwa watumwa. Bwana aliwapimia unga wa mahindi, mara nyingi kwa wiki, na wao wakapanda majani kwenye vishamba vidogo vya kando ili chakula kitoshe. Utumwa na kibarua si kitu kimoja, na sitaki kuvichanganya. Lakini angalia sahani: unga wa mahindi wa kupimiwa, na majani ya kujipandia. Watu wale hawakutujua sisi, na sisi hatukuwajua wao, na bado tulifika kwenye mlo mmoja kwa sababu hesabu iliyotumika juu yetu ilifanana.

Tofauti iko kwenye kile walichokifanya na mlo huo baadaye. Siku ya kwanza ya Januari, wajukuu wao, na watu wengi wa kusini kwa jumla, hula collard greens makusudi pamoja na kunde. Majani ni noti, kunde ni sarafu: mwaka uwe na pesa. Kunde ni zetu, zimetoka Afrika, zilivuka bahari kwenye merikebu za watumwa. Sisi tuliwapelekea kunde, mbegu yenye jina la Georgia ikatufikia kwenye pakiti. Wao wakala majani ya dhiki hadi yakawa ishara ya utajiri. Sisi tunayala tukiomba radhi.

Sisemi tubadilishe jina. Zimbabwe wana majani ya ukoo huuhuu wanayoyaita covo, kutoka neno la Kireno couve. Jina lao linasema mboga ilipita kwa nani. Letu linasema ilitufaa wakati gani, na nani alikuwa ametupunja. Kila mtu anayesema sukuma wiki anatoa ushahidi, ajue asijue, kwamba mshahara haukufika mwisho wa mwezi. Huo ni ushahidi wa kutunzwa, si wa kuonewa haya. Aibu, kama ipo, ni ya aliyepiga hesabu.

Ila kuna jambo linalonisumbua. Jina hili lina matumaini ndani yake. Kusukuma wiki kunadai kwamba kuna mahali wiki inakwenda, kwamba mbele kuna tarehe 30. Wengi wa rika langu hatuna tarehe 30. Tunalipwa kwa kazi, kwa siku, kwa safari ya boda, kwa ukurasa, mara nyingine baada ya kumwandikia mtu ujumbe mara tano. Tumerithi neno la kusukuma bila kurithi ule mteremko wa mwisho wa mwezi ambao gari lingeshuka lenyewe.

Nilirudi kwa mama mboga na wazo hilo, nikamwambia kwamba siku hizi wengine hatuna hata wiki ya kusukuma.

Hakuacha kukata. "Na mimi je?" akasema. "Mimi nimewahi kulipwa na nani?"

Sikuwa nimelifikiria. Yeye huamka saa tisa usiku kwenda Kangemi kuchagua mafungu. Kisichouzika leo kinanyauka kesho, na hakuna mwajiri wa kumlilia. Mtaa mzima unasukuma wiki kwa kisu chake, na yake anaisukuma mwenyewe, hata ile tarehe 2 ambapo sote tunampita na nyama.

Akanifungia mboga, akaongezea majani mawili juu ya yale ya mbao, bila kuombwa. "Haya, sukuma," akasema, na sikujua kama alikuwa anataja mboga au ananiamuru. Nikachukua, nikaenda kupika.